Pamba Katika Sikio la Kaha

Marian alimwita bintiye Kaha akiwa upande wake wa kushoto. Mtoto hakugeuka. Aligeuka baadaye, wakati hakuna aliyemwita, akasema, "Abee."

Asubuhi hiyo kulikuwa na usaha kwenye mto wake. Ulinuka kama ngozi ya mbuzi iliyolowekwa.

"Mama Kaha, huyu anaitika nani?" aliuliza Élisabeth, jirani yao Mkongo. "Twende zahanati."

Amuria, muuguzi, alimulika sikio. "Ngoma ya sikio imetoboka," alisema. "Mtie dawa hii asubuhi na jioni. Ukaushe usaha kwa kitambaa safi. Usitie mafuta, na usizibe."

Marian alikubali, lakini njiani hakutulia. Kwao, tangu enzi za bibi yake, sikio lililotoboka halikuachwa wazi mchana, wakati majini wanapopita ndani ya vumbi linalozunguka. Alipofika nyumbani alichovya pamba katika maji ya manemane, akaisukuma ndani hadi haikuonekana.

Siku ya tatu Kaha alikuwa na homa, na nyuma ya sikio palivimba. Hakumwitikia mama yake tena, kutoka upande wowote. Lakini alizungumza polepole, kwa lugha ambayo Marian hakuijua, kisha alinyamaza kama anayesubiri jibu.

"Unaongea na nani, mama?" Marian alinong'ona, akimshika mashavu ili amtazame mdomo.

"Anasema umemfungia mlango. Anasema atapita kwingine."

"Wapi?"

Mtoto akagusa jicho lake.

Marian alilaza sikio lake juu ya sikio la Kaha, akasikia mkwaruzo kama wa kucha kwenye bati, kisha pumzi nzito ya mtu mzima, na alipoinua kichwa aliona nguzo ya vumbi ikija kutoka kwenye laga, ule mto mkavu, ikapita nyumba za wengine bila kugusa hata nguo zilizoanikwa, ikafika mlangoni pake na kusimama hapo, ikizunguka, ikimsubiri aliye ndani.

Élisabeth alikimbia kumwita Sheikh Samatar, mwenye duka la jirani. Alifika amebeba ndala mkononi, na Marian akamweleza kuhusu pamba.

"Uliziba bila kujua kama yuko nje au ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hata mimi nikifunga duka, naangalia kwanza kama kuna mteja. Itoe, binti yangu. Polepole."

Alisoma, na Marian akavuta. Pamba ilitoka nyeusi, ndefu kuliko aliyoitia, na nyuma yake upepo wa moto ukampiga usoni. Pazia likaruka kuelekea nje. Vumbi likaanguka chini kama mchanga uliomwagwa.

"Yangu nimemaliza," alisema sheikh. "Usaha si kazi yangu. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Kaha alilazwa, akachomwa sindano siku tisa. Uvimbe ukaisha, sikio likakauka.

Baada ya miezi miwili Amuria alimpima usikivu. Alisimama nyuma yake, akanong'ona, na Kaha, macho yamefumbwa, akarudia.

"Mbuzi. Ndoo. Kiatu."

"Vizuri sana," alisema Amuria. Marian alilia kwa furaha, akajifuta kwa mtandio. Muuguzi alirudi mezani, akainama kuandika.

Kaha hakufumbua macho. Aliendelea kurudia, neno kwa neno, kama mwanafunzi mtiifu.

"Ndiyo. Kesho. Mama akilala."