Mahali pa Asiyekuwepo

Jioni ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2019, nilitoka nyumbani kwenda kuchukua boksi la mchezo. Safari yenyewe ilikuwa fupi, mtaa wa pili tu kutoka kwangu, na jua lilikuwa limekwisha kuegemea mapaa ya nyumba. Sikuwa na haraka. Mtu aliyestaafu hana haraka. Ana miguu tu isiyojua pa kwenda.

Nilistaafu tarehe 29 Juni 2018, baada ya kuutumia utu uzima wangu wote masjala, nikitunza majalada ya ofisi. Tangu siku hiyo mikono yangu ikakosa utulivu. Nilipanga kabati, nikalipangua, nikalipanga tena, mpaka mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu niliyemlea tangu akiwa mchanga, akaniambia:

"Mjomba, hata vijiko vina haki ya kupumzika."

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Fundi Saa. Jumapili ya tarehe 3 Machi 2019 alinialika mezani kwake, nikaenda nikidhani nitakuta drafti. Nilikuta ubao wenye ramani ya reli, vijumba vya mbao vidogo kama meno, kadi za kila rangi, na watu wazima wakigombea bustani ya karatasi kama warithi waliofiwa jana.

"Mgeni wa michezo hii haanzi na mchezo mzito, Karani," aliniambia. "Wala hanunui. Anaazima, anafundishwa, anafungwa, halafu anarudi."

Nilifungwa, na nikarudi. Haukupita muda mrefu nikawa ndiye ninayezivisha kadi zao vifuko vya plastiki na kuzitia kete zao katika chupa za dawa zilizokwisha kazi. Lakini jambo moja lilinikera. Kila mchezo nilifundishwa mimi. Hapakuwa na hata mmoja niliomfundisha mwenzangu. Nilitaka boksi langu. Hivyo Fundi aliponidokeza kwamba kuna mjane mmoja anayegawa mchezo bure, sikungoja kupambazuke.

Mjane alinipokea mlangoni. Nyuma yake, katika ukumbi, alisimama msichana akiwa amenipa kisogo. Alikuwa peku. Nilimsalimu. Hakuitika wala hakugeuka.

"Mwambie binti akae," nilisema kwa utani. "Mimi si mgeni wa kusimamiwa."

"Huyo hakai," mjane alijibu, akanikabidhi boksi kwa mikono miwili. "Kete moja haimo. Ile nyekundu. Usiitafute, Bwana Karani. Wala usiweke kitu mahali pake."

"Na kanuni zinasemaje?"

Akanitazama kwa muda, kama mtu apimaye kitambaa kwa macho.

"Kanuni zimo ndani," akasema. "Wewe ni mtu wa kusoma."

Nilipofika nyumbani nikalifungua. Harufu ilinitangulia... harufu ya maji yaliyotuama mahali pasipofika jua. Nikasema ni unyevu wa stoo, nikaliacha wazi lipate hewa.

Kesho yake, Jumamosi, mvua iliwazuia wenzetu wengine, akaja Fundi peke yake alasiri ikielekea kuisha. Mpwa wangu alikuwa amerudi kutoka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, akaketi pembeni akishona sweta yake ya kazini. Fundi alimwita Sista, kama walivyomwita wagonjwa wake.

"Sista, njoo ufungwe na mjomba wako."

"Nifungwe mara ngapi leo? Zamu imekwisha kunifunga. Chezeni, wazee wangu, ilimradi msipigane."

Nikatandaza ubao. Ulikuwa na picha ya nyumba iliyotazamwa kutoka juu: sebule, ukumbi mrefu, jiko, mlango wa nyuma, na uani kisima. Nikasoma kijitabu cha kanuni kwa sauti, na nikiri kwamba nilifurahia kila neno, maana safari hii mwalimu nilikuwa mimi. Wachezaji ni watatu. Wakiwa wawili, wa tatu huitwa Asiyekuwepo, na kete yake nyekundu huendeshwa na kadi. Kazi ya wale wawili ni kumfungia milango asifike kisimani.

"Na nyekundu haimo," alisema Fundi. "Weka hata punje ya hindi. Sisi huku tunaweka chochote. Siku moja nilicheza vita nzima na kidonge cha kichwa."

Punje ya hindi! Niliona ni kuudharau mchezo. Tena masjala kuna desturi moja niliyoishika ikawa tabia: nafasi haiachwi wazi rafuni. Macho yangu yakatua ukingoni mwa meza, ambapo mpwa wangu alikuwa ameweka kifungo kilichokatika kwenye sweta yake. Kifungo chekundu, cha mviringo, kizuri kabisa. Sikumwomba. Nilikichukua tu, nikakiweka kwenye sebule ya ubao.

Nikafunua kadi ya kwanza.

"Asiyekuwepo anainuka."

Mpwa wangu akasimama. Sweta ikamteleza magotini, sindano ikibaki inaning'inia kwenye uzi.

"Unakwenda wapi, mama?" nilimwuliza.

Macho yake yalipita juu yangu kama juu ya ukuta.

"Amechoshwa na kelele zetu," Fundi akacheka. Akatupa dadu, akasogeza kete yake, nami nikasogeza yangu. Nikafunua ya pili.

"Asiyekuwepo anavua viatu."

Mimi nilicheka. Fundi hakucheka, yeye ndiye aliyekuwa ameuelekea upande wa mpwa wangu.

"Karani," alinong'ona. "Geuka polepole."

Ndara za mpwa wangu zilikuwa sakafuni, zimepangwa sambamba. Yeye alisimama kando yake, uso ameuelekeza ukumbini, macho wazi.

Ningekomea hapo. Lakini mkono wangu, ule mkono uliozoea kumaliza kazi iliyoanzwa, ulikuwa umekwisha kuifunua ya tatu.

"Asiyekuwepo anapita ukumbini."

Nyayo tupu juu ya saruji.

Pa... pa... pa...

Kisha zikakoma.

Nilimkimbilia. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa nyumba yangu, mbele yake jiko, mbele ya jiko mlango wa nyuma. Na huko nyuma, uani, kuna kisima cha zamani tulichokifunika kwa mbao tulipovutiwa bomba la maji. Nilikuwa nimekisahau. Nilikumbuka pale pale, kwa sababu harufu ile ya boksi ilikuwa imejaa ukumbi mzima.

"Mwanangu. Ni mimi, mjomba wako."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi na umelowa, kama uliotolewa ndani ya ndoo sasa hivi. Nikamvuta. Hakunipinga, wala hakusogea. Ni kama nilikuwa navuta nguzo.

Nikarudi sebuleni. Fundi Saa, mtu mwenye mkono wa kushika skrubu isiyoonekana kwa macho, alikuwa akiangusha kifuniko cha boksi kila alipokiokota.

"Tufunge boksi," alisema. "Tuache, Karani, tuache!"

Nilikamata kijitabu. Herufi zilinichezea. "Mchezo ukikatizwa, kila mmoja atabaki alipo."

"Abaki vile? Amesimama vile?" nilisema.

"Basi mimi nakiondoa hiki kidudu," Fundi akasema, akakinyanyua kifungo juu ya ubao.

Ukumbini pumzi ilikatika. Sijui niielezeje sauti ile. Mtu anapozama, kuna kitu cha mwisho kooni mwake kabla maji hayajafunga...

"Rudisha! Kirudishe, Fundi!"

Akakirudisha. Pumzi ikasikika tena, ndefu, yenye kukwaruza.

Sasa nje kulikuwa kunakwenda giza, na sisi wawili tukiulinda ubao kana kwamba una mgonjwa juu yake. Tukiendelea kucheza, kadi yoyote ingeweza kuwa ya kisima. Tukiacha, mtoto wa dada yangu angesimama pale milele. Tukimtoa, angekufa. Nikausoma mstari wa mwisho wa kijitabu, ule niliouruka kwa kuwa ulikuwa mfupi.

"Mahali pa Asiyekuwepo hapaachwi wazi."

Nikaelewa. Masjala, jalada halitoki rafuni hivi hivi. Mkono mmoja unalitoa, mkono wa pili unaingiza kadi mahali pake, kwa tendo moja, ili pengo lisiwepo hata kidogo. Nimewafundisha makarani wachanga tendo hilo mpaka wakaniita majina nyuma ya mgongo wangu.

Nilikuwa nimevaa koti langu la kazini, lile la kijivu. Nikakikamata kifungo cha tumboni, nikakinyofoa pamoja na uzi wake.

"Unafanya nini, mzee mwenzangu?"

"Nyamaza. Usinipotezee mkono."

Mkono wa kulia ukaweka changu, wa kushoto ukatoa chake, kwa pamoja.



Halafu, kutoka ukumbini, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekerwa:

"Mjomba, mbona niko peku?"

Nililia, sioni haya kulisema. Fundi alimkumbatia Sista huku yeye akishangaa na kumuuliza kama amelewa. Mimi nikavuta kiti nikae.

Magoti yalikunjika. Kiti nilikigusa. Kisha nikajikuta nimesimama.

Nikajaribu tena. Nikajikuta nimesimama.

Fundi aliniona. Aliufunika ubao kwa beseni, akaweka pasi juu ya rundo la kadi, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo sijamwona akinitazama usoni.

Jumapili, tarehe 13, nilirudi kwa mjane; labda kwa kuwa nilijiweka kwa hiari, ulimi na miguu vilikuwa bado vyangu, isipokuwa kukaa. Alinikuta mlangoni na hakushangaa.

"Uliweka cha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Cha mpwa wangu. Sasa kipo changu."

Akafumba macho. Nilidhani ni huruma, mpaka nilipoona bega lake likishuka kama la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Marehemu mume wangu aliweka kibanio cha nywele cha binti yetu," alisema. "Alicheza kama utani. Tulipoogopa tukafunga boksi, naye akabaki ukumbini. Mume wangu alijaribu kukiondoa kile kibanio ubao ukiwa wazi mara moja tu, hakujaribu tena; nilikitoa mimi baadaye, ubao ukiwa umekunjwa, na pumzi haikukatika. Nilimlisha mtoto amesimama, Bwana Karani. Nilimwogesha amesimama."

Nyuma yake, ndani, msichana yule alikuwa kwenye kiti. Amejikunja, kichwa juu ya magoti, amelala usingizi mzito wa mtoto mdogo.

"Jana magharibi," mjane akanong'ona, "aliketi."

"Ulijua nitaweka kitu."

"Nilikukataza."

"Ulijua!"

"Nilikukataza," alirudia, huku machozi yakimtoka. "Nisamehe. Usifunue kadi. Muda ambao kadi haijafunuliwa, utabaki ukumbini tu. Ukumbini si pabaya."

Akafunga mlango taratibu ili asimwamshe mwanawe.

Nilitembea mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu miguu yangu ilijua pa kwenda. Ilinipitisha sebuleni bila kusimama, ikanifikisha katikati ya ukumbi, ikatulia. Nikamsikia mpwa wangu akiimba sebuleni.

"Mjomba, umerudi? Nimefuta meza. Na usinigombeze, kete zenu sikuzigusa hata moja. Kadi moja tu nilifunua, nione zinasemaje maana mmeninyima."

Nilimwuliza ilisemaje.

"'Asiyekuwepo anafungua mlango wa nyuma.' Michezo yenu nayo! Mtu hayupo, halafu anafungua mlango?"

Nilitaka kumjibu.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika komeo.

Naandika haya nikiwa kizingitini, karatasi nimeiegemeza kwenye fremu ya mlango uliokataa kufungwa. Mpwa wangu sasa anajua yote. Kila jioni huniletea kiti, hukisimamisha kando yangu, hunishika bega, na baadaye hukirudisha ndani. Juzi aliomba tubadilishane tena. Aliingia ukumbini na kifungo chake mkononi. Nilimkaripia kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha. Rundo la kadi liko chini ya pasi ile ile, na zilizobaki sizijui zinasema nini. Kutoka hapa naona uani vizuri. Mbao za kisima zilikuwa zimebanana. Sasa moja imesogea.

Mimi ni mtu wa utaratibu, kwa hiyo nimemwambia aurudishe ubao ndani ya boksi kwa uangalifu, kila kitu mahali pake, isipokuwa kifungo cha koti langu, ambacho nimekitia mfukoni ubao ulipokwisha kukunjwa. Ni boksi zuri. Pembe zake hazijakunjika, na kadi zote nimezivisha vifuko zikiwa kifudifudi.

Nawe labda umesikia habari za michezo hii mipya na ungependa kuanza. Mgeni hanunui, anaazima. Pita siku yoyote magharibi, zunguka upande wa uani, utanikuta nimesimama. Nitakukabidhi kwa mikono miwili.

Kete moja tu haimo. Usiitafute, wala usiweke kitu mahali pake.

Kanuni zimo ndani.