Nakala Salama ya Mzee Seifu

YAH: UPOTEVU WA SAUTI MOJA YA MAREHEMU.

Kwa kichwa hicho rafiki yangu Hashiru, wa Tangini, angelifungulia jalada jambo hili. Ni mtu wa masijala; barua haitoki mkononi mwake bila nakala. Hata rekodi pekee ya sauti ya marehemu baba mkwe wake, Mzee Seifu, baba wa mkewe Kudra, aliitolea nakala, akaiweka kwenye kompyuta ileile ya nyumbani, akaiita "Nakala Salama." Diski ilipokufa, zote mbili zikafa. Fundi aliing'oa, akaenda nayo, hakurudi na habari njema.

Jioni moja mama mkwe, Bi Mwanajuma, akafika kutoka Kisarawe.

"Niwekee baba Kudra nimsikie, mwanangu."

Hashiru hakuwa amemwambia kuwa diski imekufa. Bahati nzuri umeme ulikuwa umekatika. Hakuwahi kuupenda mgao kiasi kile.

"Tatizo umeme, mama. Ukirudi tu, tunamsikiliza."

"Haya. Tangu tumzike nangoja, nitashindwa na umeme?"

Giza likajaa sebuleni. Friji kimya, feni kimya. Hashiru akainamisha kichwa, ingawa hakuna aliyemwona. Kisha spika za kompyuta zikakwaruza, kama mtu anayesogeza kiti, kikafuata kikohozi kikavu ambacho wote wawili walikijua.

"Abee, baba Kudra," bibi akaitika, bila kushtuka.

Waya haukuwa umechomekwa popote, na diski ilikuwa bado kwa fundi. Sauti ya Mzee Seifu ilisema, "Mwanajuma, mkweo anakudanganya."