Aliyekaa Kiti cha Mbele

Siku gari lilipoletwa, mshonaji alikuwa anakunja pindo la sketi za sare, pini tatu mdomoni, kwa hiyo kigelegele akapigiwa na wifi yake, kirefu, mpaka majirani wakatoa vichwa madirishani. Lilikuwa gari dogo la saluni, rangi ya kijivu, limetumika lakini limetunzika: milango inafungwa kwa sauti nzito kama kabati zuri, kiyoyozi kinapuliza, na buti lilimeza mtungi wa gesi, sanduku la spana na kompresa nzima ya friji, na bado pakabaki nafasi ya mabegi ya sare. Mume wake, fundi friji, aliyezoea kubeba vitu hivyo vyote kwenye pikipiki kama mtu anayehama, alilizunguka mara nne akilipapasa.

"Haya wifi, leo wewe ni mke wa mwenye gari," wifi akasema. "Usije ukaanza kutusalimia kwa kupunga mkono dirishani."

"Kwanza toa pua yako kwenye kioo changu."

Mwezi wa kwanza raha tupu. Binti yao wa miaka minne, waliyemwita Bibie kwa maringo yake, akawa anapelekwa chekechea akiwa ameketi nyuma kama waziri. Kasoro zilikuwa za kawaida za gari la mkononi: liligonga mbele likipita kwenye mashimo, na taa ya kengele ya mkanda iliwaka ovyo. Fundi friji alisema gari la mtu ni kama mke wa mtu, limeshazoea mkono mwingine. Mshonaji hakucheka.

Kisha kikaja kile kiti.

Mshonaji ni mfupi. Akikaa kiti cha abiria cha mbele hukisogeza mpaka mwisho ndiyo miguu iguse chini. Asubuhi moja alifungua mlango akakuta kiti kimerudishwa nyuma kabisa, kimelazwa kidogo, kama kwa mtu mwenye miguu mirefu anayependa kujinyoosha. Akakivuta. Kesho yake kimerudi. Na safari hii kulikuwa na harufu, mafuta ya nywele, tamu, ya mwanamke anayejijali.

Sasa mumewe kazi yake ni kuingia jikoni kwa watu. Miaka mitano mshonaji alikuwa amelimeza hilo, ila kuna mteja mmoja, mwanamke, ambaye friji yake iliharibika kila Alhamisi, na huyo aliwahi kumwona: mrefu.

"Nani anakaa hapa?"

"Si wewe."

"Mimi nina miguu mirefu hivi?"

"Mama Bibie, jamani, mimi nabeba friji, sibebi watu."

"Friji haipaki mafuta ya nywele."

Jumamosi mchana akaamua kumkamata. Mume anaoga, ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni yake yeye mshonaji. Akakisogeza kiti mbele, akachora mstari wa chaki kwenye reli yake, chaki ileile ya kuchorea vitambaa, akafunga milango yote, akarudi kwenye cherehani iliyo mkabala na dirisha. Gari liko palepale machoni pake. Akashona mkono mmoja wa shati. Hakupita mtu, hakupita hata kuku. Akatoka kutazama.

Kiti kilikuwa nyuma kabisa. Na ule mstari wa chaki ulikuwa umefutwa nusu, kwa kidole, na kidole kilikuwa kimelowa.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye wivu ulimziba macho, akajiambia upo ufunguo wa pili, huyo mwanamke amepewa ufunguo wa pili, na hasira ikamjaa mpaka akafanya jambo ambalo mshonaji tu ndiye angelifanya. Kiti kile peke yake kilikuwa na foronya, kitambaa kizito cha pamba cha bluu chenye maua madogo meupe, na harufu ilikuwa imeng'ang'ania humo. Akachukua wembe akaanza kuifumua. Imeshonwa kwa mkono. Mishono midogo, sawasawa, mizuri kuliko yake, na hilo nalo likamuuma. Upande wa ndani akakuta kamba nne ndefu za kitambaa kilekile, zimekunjwa vizuri na kushikizwa zisionekane. Kamba za nini kwenye kiti cha gari? Alijiuliza, na mkono wake haukusimama.

Kitambaa kizima hakitupwi. Alikifua, akakianika, akakikata, na kabla ya jioni alikuwa ameshona mto mdogo wa Bibie wa kulalia garini.

"Haya," akaliambia gari, "tuone sasa utakaa wapi."

Jumatatu walichelewa, Bibie akatoka nyumbani na nywele timutimu, zimefungwa vibanio viwili tu. Baba yake alipomrudisha saa sita, alikuwa amesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, kichwa kinang'aa mafuta.

"Asubuhi nilimshusha mbiombio hata sikumtazama. Mwalimu amefanya kazi nzuri," fundi friji akasema.

Mshonaji akampigia mwalimu simu kushukuru.

"Mimi?" mwalimu akacheka. "Mama Bibie, si umemsuka wewe? Asubuhi ameshuka garini hivyohivyo, tena nimemsifia."

Kutoka nyumbani hadi chekechea ni dakika kumi.

Alimwita mtoto, akamweka mapajani, akauliza polepole nani amekusuka. Bibie akajibu kama mtu anayeulizwa jambo linalojulikana.

"Mama wa mbele."

"Mama yupi?"

"Wa mbele. Mikono yake baridi. Anasema wewe unavuta sana nywele."

Na kweli huwa anavuta. Hilo ndilo lililomchoma, kuliko hata hofu. Akaanza kuifumua ile mistari mmoja mmoja, huku mtoto analia na kujipinda. Alilia akiita mama, mama. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nje, kwenye gari.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakutania tena.

"Kuna kitu sijakwambia," akanong'ona. "Ile kengele ya mkanda. Hulia nikiwa peke yangu. Kama vile mtu amekaa pembeni yangu hajafunga mkanda. Nilidhani ni waya."

"Ukafanya nini?"

"Nikawa naufunga. Ili inyamaze."

"Kila siku?"

"Kila ikilia."

"Kwa hiyo wiki zote hizi," mshonaji akasema, "umekuwa ukimfunga mkanda."

Kesho yake mchana walilirudisha gari kwa aliyewauzia, mgane mmoja mstaafu anayeishi peke yake mwisho wa barabara ya vumbi. Mshonaji alikaa mbele makusudi. Alikivuta kiti, akakaza mkanda, akaushikilia kwa mikono miwili njia nzima, na njia nzima kiti kilimsukuma mgongoni, polepole, kama goti la mtu. Nyuma Bibie alilala juu ya mto wake. Walipofika waliegesha kivulini, hatua kumi na tano kutoka barazani, wakashusha vioo vyote, wakamwacha alale, wakakaa mahali wanapomwona.

Mzee hakuuliza wamefuata nini. Aliuliza swali moja tu.

"Ile foronya mmeitoa?"

"Nimeitoa mimi," mshonaji akasema. "Nimemshonea mtoto mto."

Mzee akafumba macho.

"Mwanangu, ile haikuwa foronya. Ilikuwa mbeleko. Aliishona marehemu mke wangu alipokuwa na mimba, mwenyewe, kwa mkono. Mtoto hakufika. Akaitandika kwenye kiti chake akasema itakaa hapo mpaka ipate wa kubebwa." Sauti yake ikashuka. "Alikuwa na wivu, mke wangu. Hata dada yangu alikaa nyuma. Hakuna mwanamke aliyekalia kiti kile mpaka anakufa, na baada ya kufa pia. Nilidhani akija kwenye familia atatulia."

Mshonaji alikuwa ameshasimama. Kamba nne. Mbili za mabegani, mbili za kiunoni. Ameshona mbeleko ngapi maishani mwake? Na hii ameikata akamlaza mwanawe juu yake kwa mikono yake miwili.

Aligeuka kutazama gari.

Vioo vyote vilikuwa juu.

Alikimbia. Kiti cha nyuma hakuna mtu. Bibie yuko mbele, bado amelala, na kiti kimerudi nyuma mpaka mwisho. Mkanda umefungwa. Umempita mtoto kwa mbali, umezunguka kitu kipana kuliko yeye, umetuna hewani. Mto uko kifuani pake. Kichwa kimeegemea pembeni, na pembeni hakuna kitu. Mshonaji akabandika uso kwenye kioo. Akatazama chini.

Mtoto hakuwa amegusa kiti. Kati ya gauni lake na kiti kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Amepakatwa.

Mumewe alibonyeza ufunguo. Loki zikaruka juu, zikashuka. Juu, chini. Akaingiza ufunguo mlangoni, ukazunguka bure. Jua lilikuwa limehama, kivuli kimeondoka, na uso wa Bibie ulikuwa unachuruzika jasho. Midomo imeanza kukauka. Fundi friji akaokota jiwe akapiga kioo cha nyuma kwa nguvu zake zote. Jiwe likapasuka. Ndani, mkanda ukakaza kidogo. Trrk.

"Usipige!" mshonaji akapiga kelele. "Anambana!"

Mzee alikuwa amefika nyuma yao. Alinong'ona, kama mtu aliye chumbani na mgonjwa.

"Mpe, mwanangu. Mpe unachomnyima."

"Kiti?" Akaweka viganja kwenye kioo. "Chukua kiti. Ni chako. Mimi nitakaa nyuma siku zote. Sikia, nitakaa nyuma."

Trrk.

"Na mume wangu akufunge mkanda. Sitasema kitu."

Trrk. Bibie alikohoa usingizini. Kifua kikapanda, kikachelewa kushuka.

Wakati huo ndipo alipoelewa, na moyo wake wote ukakataa. Mume angempa. Gari, nyumba, cherehani, angempa. Hilo lililobaki ndilo aliloamka nalo usiku miaka minne, akalinyonyesha, akalivuta nywele. Alitazama ule mkono usioonekana ulivyokipa kichwa cha mwanawe pa kulala, na Mungu amsamehe, hata pale, mtoto anakosa hewa, alikuwa na wivu. Mtoto alikuwa amelala vizuri. Hajawahi kulala hivyo kwake.

Kifua cha Bibie hakikupanda.

"Tutamlea wote," mshonaji akasema. Sauti haikutoka, akarudia, midomo imegusa kioo. "Nisikie, mama mwenzangu. Ni wetu. Tutamlea wote wawili. Mrudishe apumue."

Tak.

Milango yote minne ikafunguka kwa pamoja. Mtoto akashuka taratibu mpaka kwenye kiti, kama mtu anavyolaza kichanga asiamke, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia.

Gari waliliacha palepale, mto ndani, ufunguo barazani. Mzee hakuwaaga. Walipofika kwenye kona mshonaji aligeuka, akamwona anafungua mlango wa mbele, anainama, anasema kitu.

Sasa ni wiki ya saba. Fundi friji amerudi kwenye pikipiki. Wifi bado anauliza gari limeenda wapi, anajibiwa injini. Bibie anakula, anacheza, anaringa.

Ila mshonaji hafungui tena vifungo vya juu vya gauni lake mbele za watu. Jioni ile ya kurudi, akioga, aliona mstari mwekundu kutoka bega la kushoto kukatiza kifua mpaka nyonga ya kulia. Alidhani ni mchubuko wa mkanda, kwa jinsi alivyoukaza njiani. Akasubiri upone. Daktari amempa dawa ya mzio, akapaka mpaka ikaisha. Alama haipauki, inazidi kuiva, na tangu wiki iliyopita imeanza kuwa na maua madogo, meupe, kwenye ngozi.

Haiumi akishona. Haiumi akipika wala akilala. Lakini akimnyanyua Bibie, akimweka mapajani, akamzungushia mikono, huisikia inavutwa kwa nyuma, mgongoni, mahali ambapo kamba hufungwa. Hubana. Hubana tena. Na huendelea kubana mpaka amshushe mtoto chini, asogee pembeni, aache nafasi.