Nyekundu Kulia, Nyeusi Kushoto

Alhamisi alasiri stesheni ya Agha haina adabu. Kila mtu anataka kutoka Aljeri kabla ya mapumziko ya wiki, na treni ya Boumerdès hujaa hata kabla haijafungua milango. Dihya alikuwa amebanwa kwenye nguzo, koti lake la kijani limekunjamana na mkoba ameukumbatia kifuani, alipohisi kitu kimemgonga kiatu. Akaangalia chini. Lilikuwa jiwe la mviringo, laini, mfano wa mchi wa kinu.

"Dada, samahani! Usilipige teke, ni langu!"

Mwanamume mrefu, mwembamba, mweusi wa jua la kusini, alikuwa anapenya kwenye umati huku amekumbatia kasha la mbao lililoachia kitako. Dihya aliliokota lile jiwe. Ubavuni lilikuwa na mistari miwili ya wino, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Akatabasamu, akampa. Yule bwana akalitumbukiza kashani haraka haraka.

"Umelilaza kichwa chini," Dihya akasema.

"Nini?"

"Nyekundu kulia, nyeusi kushoto, hapo ndipo juu panapokuwa juu. Umesomea wapi wewe kaka, sokoni?"

"Chuo cha Boumerdès, uzamili, mwaka wa pili, jiolojia ya mafuta. Naitwa Menad. Na wewe nani, polisi wa mawe?"

"Dihya. Mwaka wa kwanza, chuo hicho hicho. Na michi hiyo, mawe yaliyotobolewa visimani, imetoka ghala nililofanyia kazi kiangazi chote. Mistari hiyo nimeichora mimi, kwa mkono huu."

Menad aliutazama ule mkono kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa stesheni. "Basi nitaifuata," akasema, "hata ikinipeleka kuzimu."

Maneno mengine mtu huyatamka akicheza, yakamsubiri mbele.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Menad alikuwa mtoto wa Touggourt, kule kwa mchanga na tende. Dihya alitoka milimani, karibu na Tizi Ouzou, kwa mizeituni na baridi. Mchana walikula mahjouba, chapati za moto zilizojazwa nyanya na vitunguu, nje ya lango la chuo, mafuta yakiwatiririka vidoleni. Jioni simu haikutulia.

"Bwana Tende, umekula?"

"Nimekula macho yako, malkia wa milimani."

"Macho hayashibishi. Kula mkate."

"Ukinipikia nitakula hata jiwe."

"Jiwe unalo. Litafune."

Wenzake Dihya chumbani walijifunika mito kwa kucheka. Lakini chini ya mzaha kulikuwa na jambo zito. Baba yake Dihya, fundi wa mabasi, alikuwa amesema neno moja tu: kijana akipata kazi, aje na wazazi wake, asipopata, asimpotezee binti yake muda. Na kazi ilikuwepo moja, kwenye kampuni ya utafutaji iliyokuwa na visima jangwani. Kampuni ingemtuma mtu wake kusikiliza Menad akiitetea tasnifu yake. Tasnifu, iliyotokana na mawe yale yale ya kashani, ilisema kwamba chini ya jangwa hilo kuna mchanga uliolowa mafuta, na juu yake udongo mgumu umeyazuia yasipande: chungu chenye kifuniko. Yule mtu wa kampuni alikuwa ameisoma, akapendezwa. Siku ya utetezi ilikuwa Jumatatu. Ijumaa inayofuata, Menad na mama yake wangepanda milimani kuposa.

Siku tatu kabla ya Jumatatu hiyo, Menad alimpa Dihya tasnifu amsahihishie nukta na mikato. Dihya alikaa kitandani, kalamu mkononi, mdomoni mbegu za alizeti. Alipofika ukurasa wenye picha ya ganda la konokono wa baharini, akaacha kutafuna.

Konokono wa namna ile akifa, tope humwingia ganda likajaa nusu, likatulia kama chai ndani ya kikombe. Sehemu iliyobaki tupu, ya juu, hujaa fuwele nyeupe baadaye. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Katika picha ya Menad tope lilikuwa juu, fuwele chini. Tope halining'inii darini. Lile jiwe lilikuwa kichwa chini.

Dihya akazifungua picha zote. Kuanzia kasha la kumi na mbili mpaka la thelathini, kila ganda lilikuwa limepinduka.

Ndipo ilipomjia ile siku. Juni, Ramadhani, ghala la bati, joto la kuoza. Alikuwa anachora mistari kwenye michi iliyolazwa juu ya meza ndefu, wino mwekundu upande wa mkono wake wa kulia, kama alivyofundishwa. Adhuhuri kichwa kikaanza kumzunguka, akahamia ncha ya pili ya meza, kwenye upepo wa feni. Akaendelea kuchora. Nyekundu mkono wa kulia. Lakini kulia kwa aliyesimama ncha ile ni kushoto kwa aliyesimama ncha hii. Miezi michache baadaye makasha ya zamani yalioza, na mtu aliyeyapanga upya mawe yote, moja moja, kwa kuifuata mistari, alikuwa Menad.

Kwa hiyo udongo ulikuwa chini na mchanga juu, wazi. Chungu hakikuwa na kifuniko. Mafuta kama yaliwahi kuwepo, yalikwisha kwenda zake zamani.

Dihya akapiga simu. Ikapokewa kabla haijalia mara mbili.

"Kipenzi! Nilitaka nikupigie mimi. Mama amefika! Amekuja na sinia tatu za keki za makrout, basi zima limenukia tende. Amekununulia na kitambaa, lakini usiseme nimekwambia."

"Menad..."

"Rangi ya dhahabu. Eti binti wa milimani apendeze. Ulikuwa unasemaje?"

"Hakuna. Nilitaka kusikia sauti yako."

Alikata simu, akalia hadi mwenzake akadhani amefiwa. Jumamosi hakupokea simu. Jumapili akapokea moja.

"Dihya, nimekukosea nini?"

Dihya alifunga mlango wa chumba, wenzake wasisikie.

"Ni yule binamu yako wa Marseille anayekutaka, si ndiyo? Amerudi na makaratasi yake ya Ufaransa."

"Hapana, Menad."

"Basi sema! Mtu hanyamazi bure. Mimi ni mtoto wa jangwani, siyo mtoto mdogo. Niambie."

Dihya aliitazama ile picha ya ganda. Angemwambia nini? Akisema, amemnyang'anya kazi na mchumba kwa siku moja. Akinyamaza, kampuni itachimba, itakuta maji ya chumvi, na jina la Menad litazikwa kwenye shimo hilo. Kila upande aliogeukia ulikuwa ukuta. "Nitakuona kesho," akasema tu.

La kuvunda halina ubani. Jumatatu asubuhi alimkuta Menad kwenye ujia wa nje ya ukumbi, amevaa suti ya marehemu baba yake, mabega yakimpwaya. Akamwonyesha ile picha. Akamweleza ya ghala, ya meza na ya feni, maneno yakigongana mdomoni. Menad alitazama picha, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Uso wake ukazeeka pale pale.

"Leo?" akasema. "Dihya, leo, saa hii?"

"Nilishindwa. Nilijaribu, nikashindwa."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa jina.

Ukumbini, watahini watatu walikuwa mezani, na mtu wa kampuni pembeni na kabrasha lake. Mstari wa mbele alikaa mama yake Menad, shela nyeupe, hina mpya mikononi, sinia zake zimepangwa nyuma kwenye meza pamoja na chupa za soda, kama ilivyo desturi. Hakujua hata neno moja la Kifaransa, na pale ndani kila kitu kilisemwa kwa Kifaransa. Alikuwa anamtazama tu mwanawe, akitabasamu.

Menad alianza vizuri. Alipofika kwenye picha ya ganda, akaweka karatasi zake chini. Mtahini mmoja akakohoa.

"Picha hii iko kichwa chini," Menad akasema. "Na mawe yote ya kasha la kumi na mbili hadi la thelathini. Niliamini mistari, sikulitazama ganda, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu miezi minane. Hakuna kifuniko. Msichimbe pale. Kosa ni langu."

"Si lake!" Dihya alikuwa amesimama bila kujijua. "Mistari niliichora mimi!"

"Kaa chini, Dihya," Menad akasema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kofi.

Mtu wa kampuni alifunga kabrasha, akatikisa kichwa kwa heshima, akatoka. Mwenyekiti akasema tasnifu irudiwe, tarehe itatangazwa mwakani. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Mama alimwona mwanawe ameinamisha kichwa na watahini wanainuka, akadhani amefaulu. Akapiga vigelegele. Alipiga kwa pumzi yote ya Touggourt, vikajaa ukumbi, halafu akabeba sinia, akaanza kwa watahini. Wakachukua makrout mmoja mmoja, wakatafuna. Wangefanya nini? Akafika kwa Dihya.

"Kula, mkwe wangu. Unalia? Hata mimi nilitaka kulia, kwa furaha."

Dihya akala.

Saa sita walikuwa stendi ya mabasi ya kusini. Mama alikwisha kaa dirishani. Menad na Dihya walisimama kwenye moshi wa injini.

"Nichukie," Dihya akasema. "Itakuwa rahisi."

"Nimejaribu tangu asubuhi. Siwezi." Akacheka bila furaha. "Nilisema nitaifuata hata kuzimu. Hujanidanganya."

"Baba hatakubali. Neno lake ni lile lile."

"Najua."

"Na mama?"

"Nitamwambia njiani. Safari ni ndefu."

Basi liliondoka. Mama alipunga mkono dirishani, na kwa mkono wa pili akanyanyua kifurushi kilichofungwa kwa uzi, ncha ya dhahabu ikichungulia. Midomo yake ikasema neno moja, polepole, ili mkwe alisome: Ijumaa.

Saa kumi alasiri simu ya Dihya ililia.

"Uko wapi?"

"Bou Saada. Tumesimama kunywa chai."

"Umemwambia?"

Nyuma ya Menad, Dihya alisikia sauti ya mama akimsimulia abiria mwingine, kwa kelele na majivuno, jinsi mwanawe alivyowanyamazisha wasomi wote ukumbini.

"Nimeshindwa," Menad akasema.

Dihya alifumba macho. Alimwona baba yake mlangoni, mikono ina grisi, akiuliza swali lile moja: kijana amepata kazi?

"Basi usimwambie," akasema. "Njooni Ijumaa."