Mguu Ulionyamaza

Mimi ndiye ninayefagia ua wetu hapa mjini Atbara, na sipendi mtu achezee kazi yangu. Kila alasiri nafagia mchanga mpaka unakuwa laini. Baba anaunyunyizia maji, tunatoa vitanda nje, tunakunywa chai. Asubuhi nikiamka, mchanga unaniambia nani alikwenda wapi. Paka alipita hapa. Baba alikwenda kutia udhu pale.

Asubuhi moja mchanga ulisema jambo nisilolielewa. Kutoka kwenye mtungi wa maji hadi kitandani kwa Mama, kushoto kulikuwa na alama za kandambili. Kulia kulikuwa na unyayo mtupu, vidole vyote vinaonekana. Kandambili, unyayo. Kandambili, unyayo. Ungedhani ni watu wawili wameshikana, kila mmoja ana mguu mmoja.

"Mama, mbona unatembea na kiatu kimoja?"

Mama yangu anaitwa Mahasin. Ana ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, lakini chai yake anaitia sukari mpaka kijiko kinataka kusimama chenyewe.

"Taisiri, usinianze asubuhi yote hii. Nimevaa vyote viwili."

Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa mtupu. Naye akautazama, na mkono wenye kikombe ukabaki hewani. Kandambili ya pili tuliikuta kule mtungini, peke yake.

"Nilikuwa nayo mguuni," akasema polepole. "Wallahi nilikuwa nayo."

Mama si mwongo. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Jambo hilo likajirudia. Kisha ule unyayo mtupu ukaanza kuacha alama ya unyevu, chini ya kidole gumba. Sisimizi wakauona kabla yangu. Walizunguka kila unyayo wa kulia, wakaziruka alama za kandambili, wakaenda kwenye unyayo uliofuata. Nilifagia kwa haraka, mgongo wote unanisisimka.

Halafu ukaja uvundo. Baba, ambaye ni mstaafu wa reli na mtu wa maneno machache, alisema ni panya amekufa. Akavuta kabati, akainua magodoro, akamulika kila kona. Hakuna panya. Tukafukiza udi. Mama akienda jikoni, uvundo uko jikoni. Akitoka uani, nao unatoka. Tuliacha kuuzungumzia, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Shangazi Awadia, dada yake Baba, hakuhitaji kuulizwa. Alizitazama zile nyayo, akakaa.

"Mahasin, wifi yangu, wewe hutembei peke yako. Huyo ni pepo wa zari, wale wanaopanda watu kichwani. Anapita na wewe, anakuazima mguu."

"Anataka nini kwangu?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hina na moshi. Pepo wa kike wote wanapenda hivyo. Alhamisi nakuja na kuni za talihi, ule mti wa miiba, tunachimba shimo, unakaa juu ya moshi mpaka aridhike."

Kwetu mke wa mtu hupaka hina nyayo zote mpaka ziwe nyeusi, na Mama alijivunia nyayo zake. Hapo nyuma miguu ilipoanza kumchoma na kumtambaa kama ina wadudu, alipaka hina ili ipoe. Baadaye mchomo ukakoma wenyewe. Akamshukuru Mungu, akazidi kupaka. Kwa hiyo hakuna mtu nyumbani mwetu aliyejua tena nyayo za Mama zina rangi gani.

Alhamisi Shangazi akaja na kuni, hina bakulini na tambo zake. Alikuwa ameshawasha shimo pale mlango mdogo wa ukutani ulipofunguka. Mlango huo ni wa wanawake, tunapita tukaazimane chumvi bila kuzunguka barabarani. Aliingia jirani yetu Ikbali, muuguzi wa kliniki ya miguu ya hospitali ya mji. Alikuwa safarini kwao kwa muda, na alikuja kusalimia tu. Alifika katikati ya ua, akasimama, akavuta pumzi puani.

"Nani ana kidonda hapa?"

"Hakuna mwenye kidonda," Mama akajibu. "Nina mgeni tu."

Nikamweleza yote. Ikbali hakucheka. Aliomba ile kandambili ya kulia, akaipapasa ndani kwa vidole. Akaacha kupapasa, akaninyooshea. Mwiba wa mti wa talihi ulikuwa umepenya soli, ncha yake imetokeza juu.

"Mama Mahasin, unatembelea huu. Hukuuona?"

"Mwiba gani?"

"Haya, kaa hapa. Nyoosha miguu, fumba macho. Nikikugusa, sema."

Mama akafumba macho. Ikbali akamgusa kidole gumba kwa ncha ya kidole chake. Akamgusa kidole cha mwisho. Akahamia mguu wa pili, akagusa, akangoja. Mama alitulia tu, uso umeinuliwa. Kuni zilikuwa zinalia shimoni. Nilitamani aseme neno lolote.

"Anza basi, mwanangu," Mama akasema. "Usinichoshe."

"Nimeshamaliza."



Ikbali akavaa glavu, akaubonyeza ule weusi chini ya kidole gumba. Hina ikapasuka kama gamba la tope, na usaha ukatoka. Nikageuza uso. Mama hakugeuka. Aliuangalia mguu ule kama anaangalia wa mtu mwingine, bila hata kukunja uso.

"Huo si wangu," akasema. "Wangu ungeuma."

Hapo nililia, sioni aibu kusema.

"Ni wako," Ikbali akamwambia, akamshika goti. "Sukari ikipanda muda mrefu huua mishipa ya fahamu miguuni. Kwanza mguu unachoma, unatambaa. Kisha unanyamaza. Ulidhani umepona, kumbe umenyamaza. Kiatu kikivuka, hujui. Mwiba ukiingia, hujui. Na damu haifiki huko vizuri, kwa hiyo kidonda hakiponi. Hao sisimizi mnaowaona wanafuata huo unyevu wa kidonda."

"Na pepo?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, mimi sijui mambo ya pepo. Najua huu mguu ukiwekwa karibu na hilo shimo utaiva, na mwenyewe atakaa hapo anaongea na wewe."

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Watamkata?" akauliza.

"Leo nadhani tutauokoa. Mkingoja wiki, Baba Babikir, siahidi."

Shangazi akaanza, "Lakini ndugu yangu, mgeni wake akikasirika..."

Baba akatoka pale mlangoni. Alichukua koleo, akachota mchanga wangu niliokuwa nimeufagia vizuri, akaumwaga shimoni mpaka moshi ukafa. Kisha akaenda kutafuta gari.

Kliniki walimsafisha Mama kidonda, wakakata nyama iliyokufa, wakampa dawa za vijidudu na kuanza kumchoma sindano za kushusha sukari. Wakamfunga kiatu kigumu ili asikanyagie kidonda. Alikatazwa kutembea ovyo, na hilo lilimkera kuliko sindano.

Ikbali akamfundisha Baba, si mimi. Alisema mwenye nyumba akijua, nyumba nzima itajua.

"Kila asubuhi tazama nyayo zake na katikati ya vidole. Kama hupo, aweke kioo chini ajitazame. Ukiona lengelenge, mchubuko, wekundu au joto, mnakuja siku hiyo hiyo. Msipasue wala msitie majivu."

"Na kuosha?"

"Maji ya uvuguvugu. Uyapime wewe kwa kiwiko, yeye asiyapime kwa mguu. Umkaushe katikati ya vidole. Mafuta ya ufuta apake kisigino na juu ya mguu, asipake katikati ya vidole. Kucha mkate moja kwa moja, msichimbe pembe."

"Viatu?"

"Vya kufunga, visivyobana. Kandambili mtupe. Na kabla ya kuvaa, mkono uingie kwanza."

"Hina je?" Mama akauliza kwa unyonge.

"Mikononi paka mpaka uchoke. Kwenye nyayo, hapana. Tunataka kuziona."

Siku za mwanzo Baba aliona haya. Baada ya sala ya alfajiri alifunga mlango wa ua ndipo apige magoti mbele ya mke wake, miwani puani, amshike mguu. Mama naye alifunika uso kwa toubu lake, ile nguo ndefu ya kujitanda, na kucheka. "Mzee, umepoteza treni huko chini?" Baba anajibu, "Kaa kimya, nakagua njia." Chai ikabaki bila sukari, kwa malalamiko mengi.

Kidonda kilichukua miezi kufunga, lakini kilifunga. Vidole vyote vipo. Hisia haikurudi, na Ikbali alisema haitarudi, kwa hiyo macho ndiyo yatakayofanya kazi yake.

Juzijuzi tulikwenda harusini. Wanawake walikaa kwenye mikeka, nyayo nyeusi zinang'aa kila upande. Mama akaingia, akavua viatu vyake vya kufunga, akakaa, akanyoosha miguu mitupu yenye kovu. Minong'ono ikapita. Mke wa mtu bila hina, kana kwamba amefiwa na mume.

Mama hakukunja miguu. "Tazameni vizuri," akawaambia. "Huu ulikuwa unaoza nami nakunywa chai juu yake." Akawasimulia yote, tangu mwiba hadi kisu.

Shangazi Awadia alikuwa amekaa karibu naye. Naye ana sukari. Tangu aingie alikuwa ameficha miguu chini ya toubu, na nilikuwa nimeona anavyochechemea.

"Wifi yangu," Mama akamwambia, "lete mguu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akauleta. Kisigino kilikuwa cheusi, kimepakwa upya asubuhi ile. Mama akakiinamia kwa muda, akapitisha kidole katikati ya magaga. Kidole kikatoka na damu.

"Nimekuumiza?"

Shangazi akatikisa kichwa, macho yamemtoka. Mama akamvika viatu yeye mwenyewe, akamshika mkono, wakainuka kabla ya chakula kuletwa, wakaenda hospitali.