Barua ya Dakika Nne

Watu wa Machakos, na hasa nyinyi wakubwa wa ofisi za serikali, nipeni masikio kidogo, maana hili limenikaa kooni.

Jumapili moja mwezi wa pili, Kisilu na mkewe Mukai walikuwa nyumbani kwao Kalama wakipepeta ndengu uani. Mukai anasema mumewe alicheka siku hiyo. Anaikumbuka kwa sababu hakumsikia akicheka tena kwa muda mrefu.

Kisilu ni karani mwenzangu. Kazi yake ni kusajili vifo. Kwa miaka kumi na moja wafiwa wameketi mbele yake wakilia, naye anaandika. Mwezi wa kwanza alisajili watoto watatu wa mama mmoja kwa asubuhi moja, na tangu hapo hakulala vizuri.

Kesho yake, Jumatatu, alimwendea mkubwa wetu mapema.

"Madam Carol, niko na shida. Nikifunga macho naona wale watoto. Naomba barua niende kwa mshauri."

Mshauri nasaha wa wafanyakazi tulikuwa naye. Kilichotakiwa ni barua ya mkubwa wako tu.

Sasa, ofisi yetu huanza Jumatatu kwa maombi. Saa mbili kamili Madam akamsimamisha Kisilu mbele yetu sote. "Tumwombee ndugu yetu, akili yake inasumbuliwa." Tukamwekea mikono. Wangu pia ulikuwepo, na naona aibu kusema hivyo. Kufika saa nne hata askari wa getini alikuwa anajua. Watu wakaanza kulikwepa dirisha lake la kuhudumia, na sisi wenzake tukaacha kunywa chai naye. Barua haikuandikwa.

Baada ya wiki tatu aliuliza tena. Madam alishangaa kweli, kwani si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Kisilu, si tulikuombea? Ama huna imani?"

Hakuuliza tena. Jioni moja Mukai alimkuta nyuma ya zizi, ameshawaandikia watoto wake kwaheri. Alimkumbatia, akaita majirani, wakampeleka hospitali. Alilazwa mwezi mzima.

Aliporuhusiwa tulienda kumwona, tumebeba unga na sukari. Madam akasema tusimame tuombe.

"Madam, maombi tumepata mengi," Mukai akasema. "Daktari anasema bado anahitaji mshauri. Ile barua umekuja nayo?"

Madam akatoa karatasi kwenye mkoba, akailaza juu ya Biblia yake, akaandika. Nilitazama saa. Dakika nne.

Kisilu aliisoma, akasema asante. Kazini hajarudi mpaka leo.

FUNZO

Mkubwa, mfanyakazi akikuambia akili yake imechoka, amekupa siri. Usiitangaze, hata kwa maombi. Mwombee ukiwa nyumbani kwako, lakini barua iandike siku hiyo hiyo. Na sisi wenzake tuliomwekea mikono kisha tukaogopa kunywa chai naye, tusijifanye hatukuhusika.