Ufa wa Kitandani kwa Mama Mkubwa

Mjomba wangu tulimwita daktari wa nyumba. Utani huo ulimfaa, maana alikuwa akigongagonga ukuta kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kisha anapitisha kidole kwenye plasta na kukilamba, ajue ni chumvi gani inayoila. Hakuziba ufa wowote kabla ya kujua umeanzia wapi.

Asubuhi moja alinichukua twende kwa mama mkubwa, dada yake. Mama mkubwa alikuwa mgonjwa wa kitandani, na ukuta wa kichwani pake ulikuwa umepasuka.

"Umekuja kuniona mimi au ukuta?" aliuliza.

"Ukuta, dada. Wewe nimeshakukatia tamaa."

Walicheka, naye akasinzia. Mimi sikucheka. Alikuwa amekonda mno.

Mjomba alipanda darini, akakuta pakavu. Akachimba nje kwenye msingi. Hapakuwa na mzizi, bomba wala tone la maji. Hata hivyo kingo za ufa zilikuwa na unyevu. Akaupitishia kidole, akakilamba mara mbili.

"Ni chumvi ya udongo?" nilimuuliza.

"Hapana," alinong'ona. "Ya jasho."

Akabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa jasi, kama afanyavyo kila mara. Ufa ukitembea, kioo hupasuka. Tukakaa kukitazama.

Hakikupasuka. Kiliingia ukungu. Ukungu ukatoweka, halafu ukarudi. Nikageuka kumtazama mama mkubwa. Kifua chake kilishuka, kioo kikafifia. Kifua kikapanda, kioo kikang'aa.

Mjomba naye alikuwa ameona.

"Ufa unamnyonya pumzi," alisema kwa sauti ya chini.

Hakutafuta zaidi. Alibandua kioo, akakoroga saruji, akaushindilia ufa hadi ndani kabisa, akasawazisha kwa mwiko.

Mama mkubwa akafumbua macho. Akafungua mdomo. Hewa haikuingia.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwita. Mjomba alirukia patasi, akapiga pale alipoziba. Saruji ilikuwa mbichi dakika moja tu nyuma. Sasa ilikuwa jiwe. Akapiga tena. Patasi ikateleza. Akapiga huku analia, anamwomba dada yake msamaha. Mikono niliyoishika ikalegea.

Mjomba aliacha kazi. Simlaumu, kwa sababu hata mimi ningeziba. Ile nyumba ipo, imara, haina ufa hata mmoja.

Jioni ya siku ile ya kifo, majirani waliomvalisha marehemu sanda waliniita pembeni. Walitaka kujua kwa nini mgonjwa alikuwa akifanyishwa kazi ya ujenzi. Sikuwaelewa, mpaka waliponifunulia mikono yake, ile ile niliyoishika hadi mwisho. Kucha zote zilikuwa zimekatika, na chini yazo kulikuwa na saruji mbichi.